Nani alichonga vizuri? Juu ya pembe za Warega na pembe za baroki

Makala hii ilizaliwa na swali la mwanafunzi. Tulikuwa katika mwaka wa tano wa humanite, hapa Bukavu, saa ya somo la estetiki, na mada ya siku ile ilikuwa baroki: karne ya 17, Bernini, Rubens, makanisa yenye dhahabu mpaka juu, mapazia ya mawe ambayo ungesema upepo unayapiga. Kila mwaka tunafundisha sura hiyo, na kila mwaka wanafunzi wanaandika, wanakariri, wanarudisha ku mtihani, wanasahau. Safari hii tukajaribu kitu kingine. Tulibandika ubaoni fotokopi mbili za vitu vilivyochongwa katika pembe ya tembo. Ya kwanza ilikuwa chombo cha chumvi cha Mjerumani Georg Petel, kazi ya mwaka 1627 na 1628, kinachoonyesha Venus, mungu mke wa mapenzi wa Warumi wa kale, kati ya viumbe vya baharini. Ya pili ilikuwa sanamu ndogo ya Warega wa hapa kwetu, ile yenye vichwa vingi, inayoitwa Sakimatwematwe.

Wanafunzi wakamcheka Venus juu ya uchi wake. Mbele ya Sakimatwematwe wakanyamaza. Kisha mmoja akauliza kutoka nyuma: «Prof, sasa kati ya hawa wawili, ni nani alichonga vizuri?» Kabla hatujafungua kinywa, mwenzake akamjibu: «Muzungu. Huyu mwingine iko fetishi tu.»

Tukiri kwamba siku ile hatukujibu sawasawa. Tulisema kila taifa lina sanaa yake, zote ni nzuri, tuheshimiane. Hilo ni jibu la mwalimu anayengojea kengele. Kama zote ni nzuri kwa namna ileile, basi hakuna sababu ya kuzitazama. Tulibaki na deni kwa yule kijana, na hapa tunajaribu kulilipa.

Tuanze na Petel, kwa haki, juu si vizuri kumsifu mtu wa kwenu kwa kumtukana jirani. Petel alizaliwa Weilheim, kusini ya Ujerumani, akafa angali kijana mwaka 1634, wakati wa ile vita iliyodumu miaka 30. Alikuwa rafiki wa Rubens, mchoraji mkubwa wa Antwerp, na chombo hiki cha chumvi alikichonga kwa kufuata wazo la Rubens. Rubens mwenyewe alikitunza nyumbani mpaka kufa kwake mwaka 1640. Leo kiko Stockholm, katika mali ya wafalme wa Uswidi. Chumvi ilipaswa kukaa katika kombe la fedha iliyopakwa dhahabu, lakini hatuamini kwamba mtu alikichukua kwa kutia chumvi katika supu. Ni chombo cha kutazamwa. Kuzunguka mwili wake wote ni miili: wanawake wa baharini, wanaume wenye mikia ya samaki, vitoto vinene, nyama juu ya nyama. Ukifuata mkono wa mmoja unafika ku bega la mwingine, na huwezi kusema hapa ndipo mbele, hapa ndipo nyuma. Lazima ukizunguke. Huo ni ufundi wa kweli, na mwanafunzi aliyesema «Muzungu» hakuwa mjinga. Aliona kazi.

Tena kuna jambo ambalo fotokopi haionyeshi. Kiswahili chetu kinaita kitu hiki pembe, kana kwamba kinaota juu ya kichwa kama cha ng'ombe au mbuzi. Kumbe ni jino. Sehemu yake ya nyuma, ile inayokaa ndani ya taya, iko na uwazi kama mwanzi. Sehemu ya mbele imejaa na imepinda. Mafundi wa Ulaya wa karne ya 17 walisoma umbo hilo vizuri sana. Sehemu yenye uwazi waliifanya vikombe vikubwa vya bia, ukuta wa kikombe ukiwa ni jino lenyewe, wakachonga juu yake sherehe za Bakus, mungu wa divai, na vita vya watu na farasi. Sehemu iliyojaa waliifanya sanamu, na mara nyingi mkunjo wa jino ukawa mkunjo wa mwili. Vienna kuna sanamu ya Furie, mmoja wa wale miungu wa kisasi, amepanda farasi anayeruka, nywele zake zinatupwa nyuma, kinywa kimefunguka kwa kelele. Jina la mchongaji limepotea, wataalamu wanamwita tu Bwana wa Mafurie. (Tunawaambia hivi wale wanaosema kwamba sanaa ya Kiafrika si sanaa kwa sababu haina jina la fundi. Hata huko kuna kazi kubwa isiyokuwa na jina, na hakuna aliyeitoa katika makumbusho.)

Lakini kwa nini waliipenda pembe kiasi hicho, wakati walikuwa na miti na marmari? Sababu moja ni ugumu na ulaini wake kwa pamoja: inapokea kucha, kope, unywele. Sababu nyingine, ambayo vitabu vya shule vinapita haraka, ni rangi. Pembe iliyosuguliwa inafanana na ngozi ya Mzungu. Njo maana Venus, njo maana nyimfa na vitoto, njo maana uchi mwingi hivyo. Mchongaji anaondoa jino mpaka linakuwa nyama, na kazi ikifaulu kabisa mtazamaji anasahau mnyama. Ndiyo hukumu yetu ya kwanza: katika baroki, pembe nzuri ni ile ambayo tembo ametoweka ndani yake.

Na tembo yule alitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka Afrika. Ilipita magharibi, ku bandari za Atlantiki, na ilipita pia upande wetu wa mashariki, pwani ya Msumbiji na Mombasa, ambako Wareno walijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Pembe za upande huu zilikwenda Goa, na huko mafundi Wahindi wakachonga Yesu mdogo Mchungaji na Bikira Maria kwa ajili ya makanisa ya Wareno. Kwa hiyo hata baroki ya kikanisa ina jino la kwetu mdomoni. Msitu wa Urega ulikuwa mbali na biashara ile ya zamani. Uliingia baadaye, katika karne ya 19, wakati Tippu Tip na wenzake walipofika Maniema na kufanya Kasongo kuwa ghala. Kutoka huko pembe zilibebwa na vichwa vya watu mpaka Ujiji, Tabora, Bagamoyo na Unguja, kisha zikaenda kuwa vidole vya piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani. Hapo hakuna hata Venus wa kututuliza.

Halafu wakaja Wabelgiji, na hadithi za miungu zikarudi. Jambo hili lilitushangaza tulipolisoma, na tungependa kila mwalimu wa estetiki wa mji huu alijue. Mfalme Leopold II na watu wake wa Dola Huru la Kongo waligawa pembe kwa wachongaji wa Ubelgiji ili waoneshe mali ya koloni katika maonyesho ya Antwerp mwaka 1894 na ya Tervuren mwaka 1897. Wale wasanii walifanya nini na jino la kwetu? Walifanya kama babu zao wa baroki: wanawake wa hekaya, mazimwi, ndege wa mifano. Philippe Wolfers alichukua jino zima na kuzungushia swani wa fedha anayepigana na dragoni. Aliita kazi hiyo «Ustaarabu na Ushenzi», nayo ilikuwa ya kumpa Edmond van Eetvelde, mkubwa wa utawala wa Dola Huru huko Brussels. Hatuna haja ya kuuliza dragoni ni nani. Charles Van der Stappen naye alichonga, mwaka ule ule wa 1897, kichwa na kifua cha mwanamke mwenye kofia ya vita, pembe na fedha, na kukiita «Sfinksi wa fumbo». Ni kazi nzuri, tuseme bila kuficha. Mwanamke huyu ameinua mkono karibu na midomo yake, kidole kinaamuru kimya. Mwaka ule walikuwa wamepeleka Tervuren Wakongomani 267 ili watazamwe na watu, na 7 kati yao walikufa huko. Na pembe inasema: nyamaza. Hatujui kama Van der Stappen aliwaza maana hiyo. Mchongaji hachagui kila siku ushahidi anaouacha.

Sasa turudi nyumbani.

Warega (wenyewe wanasema Balega) wako Mwenga na Shabunda, katika jimbo letu la Kivu ya Kusini, na Pangi kule Maniema. Hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote. Kilichowaunganisha kilikuwa Bwami, chama cha mafunzo ambacho mtu anapanda ngazi kwa ngazi: Kongabulumbu, Kansilembo, Ngandu, Yananio, mpaka Kindi. Wanawake wana ngazi zao, na mwanaume hawezi kuwa Kindi peke yake, lazima mke wake awe ameingizwa pia. Ni hao wa Kindi ndio wenye haki ya sanamu za pembe, zinazoitwa maginga, moja ni iginga. Wa Yananio wanabaki na vitu vya mti. Kwa hiyo pembe hapa si suala la utajiri tu. Ni cheo ambacho mtu amekipata kwa miaka mingi ya kusikiliza, kulipa, kulisha watu na kujizuia.

Ukiiweka iginga kando ya chombo cha Petel, hesabu ya jicho ni rahisi: huku miili mingi, huku kiwiliwili kimoja kifupi, huku kope na kucha, huku uso kama moyo, macho mawili, pua mstari, kinywa tundu, labda viduara vyenye nukta katikati kifuani. Mikono mara nyingi ni vijipande, mara nyingine haipo. Nyingi zinaingia katika kiganja. Kijana wetu alihesabu saa za kazi, akatoa alama kwa Mzungu. Lakini alihesabu saa za mchongaji tu. Siku Petel alipoweka patasi chini, kazi ilikuwa imekwisha, na tangu siku ile kazi ya watu ni kuilinda isiguswe. Iginga siku inapotoka kwa fundi ni mbichi. Inaanza kupakwa mafuta ya mbarika na unga mwekundu wa ngula, vilevile kama mwenye nayo anavyojipaka mwili wake siku ya sherehe. Inashikwa, inawekwa chini, inachezwa nayo, inarudi ku kikapu. Mwenye nayo akifa inawekwa juu ya kaburi lake, kisha inamfikia mrithi, naye anaendelea kuipaka. Baada ya vizazi viwili vitatu pua imelainika, kona zimeisha, na jino jeupe limekuwa jekundu, halafu la kahawia, linang'aa kama bega la mzee aliyeoga na kujipaka. Ulaya walichagua pembe kwa kuwa ni nyeupe kama wao. Wazee wa Urega waliipokea nyeupe na kuifanya ngozi yao, kwa mikono, bila haraka. Kazi hiyo ya mikono ya watu wengi ndiyo ambayo jicho la darasani halikuiona, na ni kazi kubwa kuliko tulivyozoea kusema.

Tena kuna ukwanguzi. Maginga mengine yana alama za kukwanguliwa kwa kisu mgongoni au miguuni: mwenye nayo alikwangua unga kidogo, akatia katika maji, akampa mgonjwa anywe. Mfikirie mlinzi wa makumbusho akikwangua goti la Venus!

Basi Sakimatwematwe. Jina lake tunaweza kulifasiri Bwana Vichwa-vichwa. Nyuso zake zinaangalia pande zote, na kwa jicho hatujapata zaidi ya hapo. Linaloijaza ni neno linalosemwa juu yake: huyu ndiye aliyemwona tembo ng'ambo ya mto mkubwa. Wazee wanaeleza kwa njia nyingi: kwamba mwenye kuhukumu aone pande zote, kwamba aliyeingizwa anaona ambacho wengine hawaoni, kwamba mtu hatambi juu ya kitu kilicho ng'ambo. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyekaa na Warega mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake kikubwa juu yao mwaka 1973, ameonyesha kwamba sanamu moja inaweza kubeba maneno mbalimbali, na neno moja linaweza kukaa juu ya sanamu mbalimbali. Maana inatoka katika wimbo, mchezo na mahali. Sisi tungeongeza jambo moja ambalo kwetu ndilo la kwanza. Kitu hiki kimechongwa katika jino la tembo, na neno lake ni juu ya tembo. Mchongaji hakumfukuza mnyama ili apate mtu. Tembo angali humo, ng'ambo, anaonekana na mwenye vichwa vingi. Baroki, pamoja na farasi zake zote zinazoruka, hatujaona ifanye hivyo.

Au tumtazame Wayinda, sanamu ya mwanamke mwenye mimba. Mtu asiyejua atasema: uzazi, baraka, Mama Afrika, na kadi nyingi za posta zimesema hivyo. Kumbe Wayinda ni mwanamke aliyezini akiwa na mimba, na sanamu inaonya juu ya balaa anayoiletea nyumba. Venus wa Petel anaalika jicho likae juu ya mwili wake. Wayinda anachukua mwili ule ule wa mwanamke na kuliuliza jicho: unafurahia nini? Ni hekaya pia, kama za Ovidius, lakini inamgeukia mtazamaji. Tuseme pia kwamba ni mwanamke ndiye anayebeba lawama, na mwanaume aliyezini naye hajachongwa. Wasichana wa darasa letu waliliona mbele yetu, na hatuna jibu la kuwapa.

Hapa tunaachana na watetezi wawili wa sanaa ya Warega. Wa kwanza ni yule anayesema ni nzuri kwa sababu wasanii wakubwa wa Paris walipenda sanaa ya Kiafrika, na mistari yake myepesi inafanana na ya kisasa. Sifa hiyo imekopwa. Siku Paris ikibadilisha nguo tutabaki uchi. Wa pili ni ndugu yetu msomi anayesema «ni falsafa», kisha haendelei. Warega wana neno lao, busoga, linalosema uzuri na wema kwa pamoja, bila kuvitenga. Kitu kina busoga kikifanya kazi yake kwa mtu: kikimkumbusha kufunga kinywa, kulisha mgeni, kutomdharau mnyonge. Wenzetu wa pwani, huko Pate, walichonga siwa ya pembe, ile baragumu ya wafalme iliyo leo katika makumbusho ya Lamu, na nadhani wangeelewa haraka: siwa isiyolia ina uzuri gani?

Tukiipima kwa busoga, tunaweza pia kusema ni pembe gani za Kirega zilizo mbaya. Zipo. Zile zilizofanywa kwa ajili ya kuuza kwa wageni zinajulikana: viduara vimejaa mwili mzima kama tetekuwanga, vichwa vimeongezwa kuwa sita au saba juu mteja anapenda ajabu, rangi ni ya majani ya chai au ya dawa, imekaa ku mashimo na haikukaa pale mkono unaposhika. Mchongaji wa kitu kile anaogopa kwamba uso mtupu hautalipiwa. Yaani amefika, kwa njia ya soko, ku kosa la baroki mbaya: kujaza kwa sababu ya hofu. Na pembe mpya hatuitaki, hata iliyochongwa vizuri. Biashara ya kimataifa ya pembe ilikatazwa na uamuzi wa mwaka 1989. Lakini katika vita vya miaka ya 1990, sehemu ya juu ya mbuga ya Kahuzi-Biega, hapa karibu na sisi, tembo waliuawa karibu wote. Yeyote anayekuletea leo pembe «ya kabila» mezani, mwulize tu jino hilo lilikuwa la nani.

Tulirudi darasani na mzee mmoja. Mwanafunzi wetu, msichana, alitwambia babu yake wa Mwenga anakaa kwao Kadutu na alikuwa mtu wa Bwami. Daraja gani hakusema, na sisi hatukuuliza. Tulimwomba aje kuwafasiria vijana Sakimatwematwe. Mzazi mmoja alikuwa amekwisha kuja kulalamika kwamba tunafundisha uchawi, kwa hiyo tulihitaji mtu mzima upande wetu. Hatukuwaza kwamba mzee naye angetukatalia.

Alikuja na suti yake, amevaa vizuri kabisa. Tukampa fotokopi. Akaishika mbali na macho, akaigeuza, akaipapasa kwa kidole gumba.

«Hii iko kartasi,» akasema. «Haiyakula mafuta.»

Tukamwomba aseme angalau neno lake. Akatutazama.

«Mwalimu, na wewe, nani alikuingiza?»

Darasa likacheka, na sisi tukacheka nao, lakini swali lilikuwa swali. Tangu dakika zile tunajiuliza haki yetu inaishia wapi. Mwaka 1948, wakati mji wetu ungali unaitwa Costermansville, utawala wa Kibelgiji ulipiga Bwami marufuku. Vitu vingi vilikwisha kutoka, vingine vikatoka baadaye, vikaingia ku makumbusho na nyumba za matajiri, vikaoshwa, vikawekewa namba. Maneno yalibaki kwa wazee. Wapadri Waxaveri hapa Bukavu wamekusanya vitu vya Warega, na ni heri vimebaki mjini. Lakini nani atakayevipaka mafuta? Tukiandika maneno yote katika kijitabu kama hiki, tunayatoa kwa watu ambao hawakulipa chochote, sisi wa kwanza. Tukiacha, wazee wanakufa, na mzazi aliyelalamika atakuwa ndiye peke yake mwenye maelezo. Tunaegemea upande wa kuandika, ila kwa kukaa chini na wazee kwanza, kuuliza lipi linasemwa mbele ya wote na lipi linabaki. Katika makala hii tumesema tu yale ambayo yamekwisha kuchapwa mara nyingi, na bado mkono ulikuwa mzito.

Mzee hakuondoka lakini. Aliomba kiti, akakaa mbele ya ubao, chini ya Venus wa Petel ambaye hakumwangalia hata kidogo, akauliza:

«Nani hapa aliona tembo?»

Wanafunzi 46. Hakuna mkono. Na sisi pia hatukuinua wa kwetu.

«Basi,» akasema, na akaanza kutueleza namna tembo anavyopita msituni usiku, njia yake inabaki wapi, na wakati yeye mwenyewe alipokuwa mtoto nyama yake iligawanywa namna gani, kila ukoo sehemu yake, nani alipata mguu, nani mkonga, na jino lilipelekwa kwa nani. Kengele ilipiga. Aliendelea mpaka nusu ya mapumziko, na prefe, aliyekuja kuuliza kwa nini darasa halitoki, alibaki amesimama mlangoni.